Kwa nini ndege huimba zaidi alfajiri? Hili la "hewa imetulia" halinitoshi

#1 Kiotajuu
Wakuu, salaam. Karibu kila maelezo ya wanaoanza kutazama ndege yanasema hivi: ndege huimba sana alfajiri kwa kuwa hewa imetulia na sauti inafika mbali. Basi, mada imefungwa. Sasa nauliza: kama ni hewa tu, mbona saa sita usiku nayo imetulia na wengi wako kimya? Mbona jioni, upepo ukishalala, hatupati kwaya nene kama ya asubuhi? Tena hawaanzi pamoja. Mikesha hutangulia, chiriku na shomoro hufuata baadaye, na foleni hiyo haibadiliki sana siku hadi siku. Wajuzi wa elimu ya ndege washushe nondo.
Na la pili, la vitendo: anayejifunza kutambua ndege kwa sauti aitumieje saa hiyo wakati sauti ishirini zinamwagika kwa mpigo?

#2 Bundi Mstaafu
Naweka kiti hapa. Uzi usipoe.

#3 Mzee wa Mawimbi
Mleta uzi, usiitupe hewa upesi hivyo. Usiku ardhi hupoa, na hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake. Sauti hujipinda kuelekea upande wa hewa baridi, kwa hiyo inarudi chini badala ya kupotelea angani. Mchana mambo yanageuka: ardhi ina joto, sauti inapindia juu, na msikilizaji aliye mbali anabaki kwenye kivuli cha sauti. Ongeza misukosuko ya hewa inayopanda kwa joto, ongeza upepo, ongeza nyenje. Henwood na Fabrick walikokotoa mwaka 1979 kwamba wimbo wa alfajiri unaweza kuwa na ufanisi hadi mara 20 kuliko wa adhuhuri. Mara 20 si kitu cha kupuuza.

#4 Chujio
Mzee, hapo kuna jambo umeliruka. Ile ya 1979 ilikuwa hesabu ya nadharia. Brown na Handford walikwenda kupima uwandani, wakachapisha mwaka 2003. Walichokipata si kwamba sauti ya alfajiri inafika mbali sana kuliko ya mchana. Faida waliyoiona ni kwamba inafika bila kuyumba. Mchana noti moja inafika safi, inayofuata imekatikakatika, ya tatu imefifia. Alfajiri zote zinafika zikiwa zimefanana. Kwa ndege anayetaka jirani amtambue kuwa ni yeye na si mgeni, huo uthabiti una thamani kuliko mita za ziada.
Lakini hata hivyo swali la saa sita usiku linabaki palepale. Usiku hewa ya chini ni baridi vilevile. Hewa inaeleza kwa nini alfajiri *inafaa*. Haielezi kwa nini ni alfajiri *tu*.

#5 Kigogota wa Pili
Jibu la usiku ni jepesi: gizani ukiimba unajianika kwa bundi, na majirani wako wamelala. Hoja ya alfajiri ni chakula. Kacelnik alimpima Parus major mwaka 1979, yule mdogo wa Ulaya mwenye shavu jeupe, akaona kwamba mwanga ukiwa hafifu ndege huyo anapata mawindo kwa shida sana. Wadudu nao wamepoa, hawajongei, hawaonekani. Basi ndege ameamka, hawezi kula kwa faida, lakini anaweza kuimba. Muda huo ni rahisi kwake. Mwanga ukikolea, kila dakika ya wimbo inagharimu kiwavi, na kwaya inapungua yenyewe.

#6 Chozi Bluu
Hoja ya chakula ni nzuri, ila inajikwaa kwenye macho. Thomas na wenzake (2002) walilinganisha spishi nyingi, wakakuta wenye macho makubwa huanza kuimba *mapema*. Sasa kama jicho kubwa linaona vizuri kwenye mwanga mdogo, si ndiye angeanza kula mapema na kuacha kuimba? Mbona anaimba?
Msitu wa Ecuador umeongeza utamu. Berg na wenzake (2006) walikuta kwamba kilichotabiri vizuri zaidi muda wa kuanza ni kimo anachotafutia chakula. Wa juu kwenye vilele wanaanza kabla ya wale wa sakafuni, maana mwanga unagonga juu kwanza. Ukubwa wa jicho nao ulichangia. Kwa hiyo Kiotajuu, foleni yako unaweza kuikisia kabla hujatoka: nani anakaa juu, nani ana jicho kubwa kulingana na mwili wake.

#7 Kigogota wa Pili
Chozi, tenganisha vizingiti viwili. Kizingiti cha kwanza ni mwanga wa kumwona adui na kusogea tawini bila kugonga kitu. Cha pili ni mwanga wa kumwona kiwavi wa kijani juu ya jani la kijani. Hicho cha pili kiko juu zaidi kwa kila ndege, mwenye jicho kubwa na mwenye dogo. Wimbo unakaa kati ya hivyo viwili. Jicho kubwa linavishusha vyote, haliondoi nafasi iliyo katikati.

#8 Chozi Bluu
Sawa, hiyo imekaa. Lakini ni maelezo ya kutosheleza matokeo yaliyokwisha kupatikana. Nani amevipima vizingiti hivyo viwili kwa spishi moja, siku moja, ndege yuleyule?

#9 Kifaranga
Mnazungumza kama hakuna jogoo duniani 😂 Yeye hana macho makubwa, hali viwavi vya vileleni, na anawika kabla hata mwanga haujaja.

#10 Saa ya Ndani
Kifaranga umeleta mzaha ila umegusa penyewe. Shimmura na Yoshimura (2013) waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, hakuna mchana wala usiku. Waliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, yaani saa iko ndani ya mwili na mwanga kazi yake ni kuirekebisha. Mwaka 2015 wakaongeza lingine: ndani ya kundi, jogoo wa cheo cha juu ndiye huwika kwanza, wengine wanafuata kwa ngazi. Ukimwondoa, wa pili anashika zamu.
Sasa ona tatizo. Kama ndege wa mwituni naye ana saa ya ndani, basi "kwa nini anaanza dakika ile" ni swali la saa na homoni (melatonini inashuka kulipokaribia kucha), na "kwa nini inamfaa kuimba wakati ule" ni swali jingine. Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, alishatuonya mwaka 1963 tusichanganye maswali haya. Nusu ya ubishi wa uzi huu ni watu wanaojibu maswali mawili tofauti.

#11 Mzee wa Mawimbi
Saa ya ndani haielezi mawingu. Siku ya wingu zito ndege wanachelewa, na siku ya mwezi mpevu wanawahi. Kule Kalahari imepimwa kwa Plocepasser mahali, ndege mdogo mfano wa shomoro (York na wenzake, 2014): mwezi mpevu ukiwa bado juu ya upeo alfajiri, wanaanza mapema zaidi kuliko siku za mwezi mwandamo.

#12 Saa ya Ndani
Nimesema mwanga unarekebisha saa, mkuu. Soma tena.

#13 Akiba
Hakuna aliyetaja mafuta ya mwilini, na hapo ndipo kuna ubishi mtamu. Ndege mdogo hupoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake kwa usiku mmoja. Hajui usiku utakuwa wa baridi kiasi gani, kwa hiyo jioni anajiwekea akiba ya kutosha usiku mbaya. Usiku ukiwa wa kawaida, anaamka na ziada. Ziada hiyo anaitumia kuimba, maana kuibeba tu mchana kutwa kunamfanya mzito mbele ya kipanga. Hii ndiyo hoja ya McNamara na wenzake, 1987. Cuthill na Macdonald (1990) waliijaribu kwa Turdus merula, mkesha mweusi wa Ulaya: waliopewa chakula cha ziada waliwahi kuanza na wakaimba zaidi.

#14 Chujio
Akiba, malizia hadithi basi. Saggese na wenzake (2011) walimpa chakula cha ziada Parus major, naye *akachelewa* kuanza. Kinyume kabisa. Spishi tofauti, msimu tofauti, matokeo yanapingana.

#15 Akiba
Nilikuwa naijia hiyo. Kuna anayesema chakula kikiwa sehemu moja kinavuta ndege wengi na maadui, na dume anabadili ratiba kwa sababu hiyo wala si kwa sababu ya mafuta. Kuna anayesema dume aliyeshiba hana haraka ya kujitangaza. Zote mbili zinawezekana. Ndiyo maana sipendi majaribio ya kuning'iniza chakula peke yake bila kupima uzito wa ndege jioni na asubuhi.

#16 Mkesha Macho
Jamani mmesahau majike. Mace, mwaka 1987, kwa Parus major huyohuyo: jike hutaga asubuhi na mapema, na muda mfupi baada ya hapo ndipo yuko tayari kupandwa. Dume anaimba karibu na tundu alimolala jike wake, akitoka tu wimbo unakatika. Na kilele cha wimbo wa alfajiri kinaangukia siku za kutaga. Hiyo inaeleza saa, mahali na msimu kwa pamoja. Hewa haifanyi hivyo, mwanga haufanyi hivyo.

#17 Chozi Bluu
Kwa Parus major, nakubali. Lakini wako ndege wa tropiki wanaoshika himaya mwaka mzima na kuimba alfajiri hata miezi ambayo hakuna yai. Pia tuache mazoea ya kudhani mwimbaji ni dume. Odom na wenzake (2014) walipitia kumbukumbu za spishi 323 za ndege waimbao wakakuta majike wanaimba kwa asilimia 71 yake. Tiva wanaimba kwa kupokezana, dume na jike, kwa usahihi kiasi kwamba msikilizaji anaapa ni ndege mmoja. Jike anayeimba alfajiri anamlinda nani asipandwe?

#18 Himaya
Anailinda himaya. Usiku ndio muda wa kufa: baridi, bundi, nyoka. Asubuhi kuna maeneo yamebaki wazi, na wasio na eneo wanazunguka kutafuta penye kimya. Krebs aliwaondoa madume wa Parus major kwenye msitu wa Wytham, Uingereza, miaka ya 1970. Maeneo mengine akayaacha kimya, mengine akaweka spika zinazopiga wimbo wao. Yaliyo kimya yalivamiwa kwanza. Ukichelewa kuimba asubuhi, majirani wanahesabu kuwa umekufa.

#19 Kifaranga
Kumbe ni roll call… samahani, kuitana majina 😂

#20 Ungo
Nadharia zimenoga, ila swali la pili la mleta uzi limelala njaa. Naliamsha.

Fika kituoni dakika 75 kabla ya jua kuchomoza, siyo 20. Kwenye ikweta, tangu jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo hadi kuchomoza ni dakika 21 hadi 23 tu. Kwenye latitudo ya 50 muda huo unavuka nusu saa. Maana yake karibu na ikweta mwanga unapanda kwa kasi na foleni nzima inabanwa. Ukichelewa dakika kumi umeikuta kwaya imeshajaa.

Simama sehemu moja. Dakika 2 za kwanza usiandike chochote, ndege wazoee. Baada ya hapo chora duara kwenye karatasi, wewe katikati, kaskazini juu. Kila sauti mpya iweke upande wake na umbali wa kukadiria, kisha andika dakika. Sauti usiyoijua ipe jina la muda, "filimbi mbili chini" kwa mfano, na usiibadilishie jina katikati ya zamu. Duara linakuokoa na kosa kubwa kuliko yote, kumhesabu ndege mmoja mara tatu kwa kuwa amehama tawi. Wawili wakiimba *kwa wakati mmoja* ndipo unapokuwa na uhakika ni wawili.

Andika dakika ya *wimbo* wa kwanza, siyo *mlio* wa kwanza. Mlio ni mfupi, wa tahadhari au wa kuitana, na ndege hutoa hata akiwa bado anajinyoosha. Wimbo ni mrefu, una mpangilio, unarudiwa. Ukichanganya hivyo viwili foleni yako itakuwa takataka.

Pembeni andika wingu kwa sehemu 8 za anga, mwezi uko wapi, na upepo. Majani na vitawi vikitikisika bila kukoma, funga daftari urudi siku nyingine.

#21 Kiotajuu
Shukrani Ungo. Na kurekodi?

#22 Ungo
WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohetsi 48, biti 24. Zima marekebisho ya sauti ya kujiendesha. Yakiwa yamewashwa, ndege wa karibu akinyamaza kifaa kinapandisha sauti ya nyuma, na baadaye utadhani ndege wa mbali alisogea. Weka kiwango ili kilele kisivuke desibeli −12. Kumbukumbu: chaneli moja inakula karibu MB 8.6 kwa dakika, mbili MB 17.3, kwa hiyo saa nzima ya chaneli mbili ni kama GB 1. Mwishoni sema mwenyewe kwenye maikrofoni tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Faili lisilo na sauti yako mwishoni litakuwa yatima baada ya miezi sita.
Maikrofoni ivishe manyoya ya kinga ya upepo. Sponji tupu haitoshi nje.

#23 Darubini8x42
Na wekeni chujio la kukata sauti nzito, hetsi 200, mngurumo wa magari wote unaisha.

#24 Chujio
Hapana! Hetsi 200 wakati wa kurekodi unaua ushahidi. Botaurus stellaris, ndege wa kwenye matete, anavuma chini ya hapo, na si yeye peke yake. Rekodi bila chujio, kata baadaye kwenye kompyuta ukiwa na nakala ya asili. Kilichokatwa uwandani hakirudi.
Kuhusu ungo wa kukusanyia sauti (jina la mwenzetu hapo juu si bure): wenye kipenyo cha sentimita 60 unaanza kusaidia kwenye masafa ambayo wimbi lake ni fupi kuliko kipenyo, yaani juu ya hetsi 570 hivi. Njiwa na bundi utawasikia wembamba, kama wanaongea kwenye kopo. Hao warekodi kwa maikrofoni ya kawaida ukiwa karibu. Kumbuka kila umbali ukipungua nusu unapata desibeli 6 bure.

#25 Kifaranga
Na mwenye simu tu?

#26 Chujio
Simu inatosha kujifunzia. Tafuta programu inayorekodi WAV na inayozima kipunguza kelele, maana kipunguza kelele cha simu kimetengenezwa kulinda sauti ya mtu na kinamchukulia ndege kuwa kelele. Ielekeze sehemu yenye maikrofoni kwa ndege, mara nyingi ni ukingo wa chini. Usiishike mkononi, vidole vinasikika. Ilaze juu ya kitambaa, ondoka hatua tano.

#27 Saa ya Ndani
Mkishapata faili, itazameni. Kwenye spektogramu, yaani picha ya sauti, muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu. Kwa rekodi ya kilohetsi 48, dirisha (kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mpigo) la sampuli 512 linakupa hatua za milisekunde 10.7 na hetsi 94. Dirisha la 1024 ni milisekunde 21.3 na hetsi 47. Huwezi kupata ukali wa vyote viwili kwa pamoja. Kosa la wengi: dirisha kubwa kwenye mtetemo wa kasi. Noti zinazofuatana haraka zinaungana na kuonekana kama mistari mlalo iliyopangwa juu ya mwingine, na mtu anaandika "sauti ya puani yenye tabaka" kumbe ni mtetemo. Ukiona ngazi, punguza dirisha uone kama zinagawanyika kuwa vijiti.

#28 Kiotajuu
Kwa nini nisiiachie programu itambue? Merlin, BirdNET…

#29 Himaya
Zitumie, ila jua zinavyofanya kazi. BirdNET inakata sauti vipande vya sekunde 3 na kukisia kila kipande. Ndege mwenye wimbo wa sekunde 8 anakatwa vipande vitatu na huenda akapewa majina matatu. Ile namba ya uhakika siyo uwezekano wa kweli: 0.8 ya spishi moja hailingani na 0.8 ya nyingine. Weka mahali na wiki ya mwaka, la sivyo utaletewa ndege wa bara jingine. Na alfajiri ndiyo saa mbaya kwake, maana sauti zinapandana.
Sheria yangu: programu inapendekeza, jicho au spektogramu inathibitisha. Jina lisiloonekana wala kuthibitishwa lisiingie eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege.

#30 Mkesha Macho
Na waigaji je? Acrocephalus palustris, ndege mdogo wa vichakani, anazaliana Ulaya na kukaa Afrika msimu wa baridi. Dowsett-Lemaire alichambua nyimbo zake mwaka 1979 akakuta dume mmoja huiga kwa wastani spishi 76, na zaidi ya nusu ni za Afrika. Msikilizaji wa Ulaya anasikia ndege wa Afrika kichakani. Programu gani itanusurika hapo? Dalili ya mwigaji ni kasi ya kubadilisha: spishi nne ndani ya sekunde kumi, kutoka kichaka kimoja, bila pumziko.

#31 Bundi Mstaafu
Nimetoka kwenye kiti. Kwa anayeanza, asijifunzie katikati ya kwaya. Aende saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, wamebaki wachache, kila mmoja anasikika peke yake. Achague watano wa kudumu wa eneo lake. Kwa kila mmoja ajibu: sauti inapanda au inashuka, noti zinarudiwa mara ngapi, kasi yake, ni filimbi safi au mkwaruzo, na pumziko kati ya wimbo na wimbo ni sekunde ngapi. Hilo la mwisho wengi hulidharau, lakini spishi mbili zenye nyimbo zinazokaribiana mara nyingi hutofautiana kwa mapumziko.

#32 Ungo
Bundi napingana nawe kidogo. Saa mbili baadaye wengi hawaimbi wimbo wao kamili, na wako wenye wimbo wa alfajiri tofauti na wa mchana. Bora aingie *kabla* ya foleni. Wa kwanza akiimba yuko peke yake, wa pili akiongezeka unamjua kwa kuwa ni mpya. Unawapokea mmoja mmoja kama wageni mlangoni.

#33 Bundi Mstaafu
Karibu na ikweta wageni wako wanaingia kumi kwa dakika kumi. Umesema mwenyewe #20.

#34 Darubini8x42
Na wa kuwaona alfajiri? Msije na darubini ya 10x25 (ukuzaji mara 10, lenzi ya milimita 25). Gawanya kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji, unapata duara la mwanga linalofika jichoni: 10x25 ni milimita 2.5, 8x32 ni 4, 10x42 ni 4.2, 8x42 ni 5.25. Gizani mboni ya kijana hufunguka hata milimita 7. Kwa hiyo 7x50, yenye 7.1, ndiyo mfalme wa alfajiri.

#35 Kigogota wa Pili
Mfalme kwa kijana. Mboni hupungua uwezo wa kutanuka kadiri umri unavyokwenda. Mboni yako ikiishia 5, mwanga wa ziada unaangukia ukingoni mwa jicho na umebeba uzito bure. 8x42 inatosha. La muhimu zaidi, rekebisheni tofauti ya macho: fumba la kulia, lenga kwa gurudumu la kati ukitumia la kushoto, kisha fumba la kushoto na uzungushe pete ya kulia hadi kitu kilekile kiwe kikali. Kumbukeni alama ilipo. Wengi wanalalamikia lenzi kumbe pete ilizunguka ndani ya begi.

#36 Kifaranga
Turudi kwenye mada. Ndege wa mjini wanaimba saa nane usiku, hoja zenu zote zinasemaje?

#37 Himaya
Taa. Kempenaers na wenzake (2010): karibu na taa za barabarani, spishi nne kati ya tano walizozichunguza ziliwahi kuanza.

#38 Mzee wa Mawimbi
Kelele! Fuller na wenzake (2007), Sheffield, Uingereza: Erithacus rubecula, ndege mdogo mwenye kifua chekundu, anayeimba usiku alielezwa vizuri zaidi na kelele ya *mchana* kuliko na taa. Anakwepa magari. Na Parus major wa mji wa Leiden, Uholanzi, wamepandisha noti zao za chini ili zisimezwe na mngurumo, Slabbekoorn na Peet, 2003. Jogoo la shamba haliwiki mjini, au likiwika, linapandisha sauti 😀

#39 Chujio
Noti za juu zinaweza kuja zenyewe ndege akiimba kwa nguvu, si lazima "amebadili masafa". San Francisco mwaka 2020 magari yalipopungua, Zonotrichia leucophrys, ndege wadogo mfano wa shomoro, waliimba kwa nguvu ndogo zaidi na kwa ubora zaidi (Derryberry na wenzake). Pimeni ukubwa wa sauti kwanza.

#40 Kiotajuu
Nimepata kazi ya miezi. Lakini wakuu, la jioni hamkulijibu.

#41 Akiba
Hoja ya akiba inalijibu: jioni ndege anaimba tu kama siku ilikuwa nzuri na ameshajaza mafuta ya usiku. Siku mbaya anakula hadi giza. Kwa hiyo kwaya ya jioni iwe nyembamba kwa wastani na iyumbe sana siku hadi siku.

#42 Chozi Bluu
Basi nieleze kwa nini mikesha wanaimba jioni vizuri na chozi hawaimbi, wakati chozi akikuta maua mengi anaweza kujaza haraka.

#43 Akiba
Chozi ni mdogo mno, akiba yake ya usiku haina nafasi ya mchezo.

#44 Chujio
Hayo ni maneno. Leteni jioni 20 za spishi mbili, kituo kimoja, duara la Ungo, dakika 60 kabla ya jua kuzama hadi dakika 30 baada. Wimbo wa mwisho uandikwe kama mlivyoandika wa kwanza.

#45 Ungo
Wimbo wa mwisho ni mgumu kuliko wa kwanza. Wa kwanza unausikia na kuuandika. Wa mwisho unajua ulikuwa wa mwisho ukishangoja dakika 15 na hakuna kitu. Andikeni kila wimbo kuanzia dakika ya jua kuzama, mchague baadaye.